GIA ZA BAISKELI: Kasoro ndogo inavyoweza kumwangusha mwendeshaji

BAISKELI nyingi zenye gia zinazouzwa mitaani na masokoni nchini Kenya huwa zimekwisha kutumika ng'ambo kabla ya kushushwa katika bandari ya Mombasa. Hufika zikiwa zimelazwa moja juu ya nyingine, na mnunuzi hutazama tairi, hubonyeza breki, huzungusha pedali mara mbili, kisha hulipa. Sehemu ambayo aghalabu huisahau ndiyo iliyo rahisi zaidi kuumia safarini: kile kifaa kinachoning'inia upande wa kulia wa gurudumu la nyuma, ambacho kazi yake ni kuuhamisha mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine. Katika makala haya kifaa hicho kitaitwa kihamishi.

Ubovu wake hujulikana siku ya kwanza ya kupanda mlima. Mnyororo hukwaruza, huruka meno, au hukataa kabisa kupanda kwenye gia nyepesi wakati mwendeshaji anaihitaji mno. Hayo ni maudhi tu. Hatari yenyewe huja pale mnyororo, au kihamishi kilichopinda, kinapopita mpaka wake na kuingia katikati ya spoki. Gurudumu la nyuma hukwama papo hapo, spoki hukatika, na aliye juu ya baiskeli hujipata barabarani, mara nyingine mbele ya matatu.

Mafundi wengi nchini walilelewa na ile baiskeli nzito inayojulikana kama Black Mamba, ambayo ina spoketi moja mbele na moja nyuma na haina gia yoyote. Ndiyo iliyobeba abiria mpakani Busia uchukuzi wa bodaboda ulipoanza, kabla ya pikipiki kuuteka. Ujuzi wa kuitengeneza ni wa kuheshimiwa, ila si wote unaofaa kwenye baiskeli yenye gia. Fundi wa Black Mamba akisikia mnyororo unalegea, huisogeza ekseli nyuma na kukaza nati. Kwenye baiskeli ya gia, kulegea huko hushughulikiwa na springi ya kihamishi chenyewe, na mnyororo ulioonekana kulegea huenda ukawa umechakaa, ni mrefu kupita kiasi, au springi imekufa.

Mtu hawezi kukagua asichokielewa, kwa hiyo inafaa kueleza kwanza namna mfumo wenyewe unavyofanya kazi. Kwenye usukani kuna wenzo ambao mwendeshaji huusukuma kwa kidole. Wenzo huvuta waya mwembamba wa chuma, ambao kipenyo chake ni takriban milimita 1.2, unaopita ndani ya ala za plastiki hadi nyuma. Waya ukivutwa, kihamishi husogea kuelekea ndani, upande wa spoki, na kuusukuma mnyororo kwenye spoketi kubwa, ambayo ndiyo gia nyepesi ya mlimani. Waya ukiachiliwa, springi hukirudisha nje, kwenye spoketi ndogo ya mwendo wa kasi. Kuna mifano michache inayofanya kinyume, lakini huo ndio utaratibu wa baiskeli nyingi mno.

Ufundi huu haukupokewa kwa mikono miwili ulipozuka. Henri Desgrange, mwasisi wa mashindano ya Tour de France, alivipiga marufuku vihamishi kwa miaka mingi kwa kuamini kwamba mwanamume halisi hushinda mlima kwa misuli. Hadi viliporuhusiwa mwaka wa 1937, washindani walikuwa na spoketi moja kila upande wa gurudumu la nyuma; wakifika chini ya mlima walishuka, wakafungua gurudumu na kuligeuza. Baada ya hapo maendeleo yalikuja kwa kasi, hasa kutoka Italia katika karakana ya Tullio Campagnolo, kisha kutoka Japani.

Badiliko linalomhusu zaidi mwenye baiskeli wa leo lilitokea mwaka wa 1984, kampuni ya Shimano ya Japani ilipoleta mfumo wa wenzo unaoruka kwa mlio. Kabla yake, mwendeshaji alisukuma wenzo taratibu huku akitega sikio hadi mnyororo utulie. Tangu hapo, kila mlio mmoja huvuta urefu maalumu wa waya, na kila urefu huo hukisogeza kihamishi umbali wa spoketi moja kamili. Raha yake ni kubwa, lakini ilileta adha yake. Mfumo wa zamani ulisamehe waya uliolegea kidogo, kwa kuwa mkono wa mwendeshaji ulifidia. Huu wa sasa hausamehi. Waya ukilegea kwa chini ya milimita moja, mnyororo huanza kusitasita kati ya spoketi mbili.

Kwa hiyo ukaguzi wowote uanze kwa usafi. Kihamishi kilichojaa matope mekundu au nyasi hakiwezi kusomeka. Kitambaa kikavu, brashi kuukuu ya meno na mafuta ya taa kidogo vyatosha kuondoa uchafu kwenye mnyororo, spoketi na vile vigurudumu viwili vidogo vilivyomo ndani ya kihamishi. Maji ya mashine ya kuoshea magari yaepukwe, kwani huingia kwenye beringi za magurudumu na kuosha grisi iliyomo.

Vigurudumu hivyo viwili hukusanya uchafu mgumu unaogandamana mithili ya lami, na meno yake yakiwa makali kama ncha za sindano, wakati wa kuvibadilisha umewadia. Kuna jambo moja huwadanganya wengi. Kwenye vihamishi vingi vya Shimano, kigurudumu cha juu huchezacheza kidogo ubavuni hata kikiwa kipya. Kimeundwa hivyo makusudi ili kijilinganishe chenyewe na spoketi. Kukibadilisha kwa sababu hiyo ni kutupa pesa.

Baada ya usafi, mkaguzi asimame nyuma ya baiskeli, ainame, atazame kihamishi kikiwa usawa wa macho. Vigurudumu viwili na spoketi iliyo juu yake vinapaswa kuwa katika mstari mmoja ulionyooka wima. Iwapo sehemu ya chini imeinama kuelekea spoki, kosa kwa kawaida haliko kwenye kihamishi chenyewe bali kwenye kining'inizo, yaani kile kipande cha chuma kinachokishikilia kwenye fremu. Kwenye fremu za alumini, kining'inizo hutengenezwa kwa makusudi kiwe dhaifu kuliko fremu: baiskeli ikiangukia upande wa kulia, hupinda au hukatika chenyewe ili fremu ipone. Baiskeli iliyosafiri juu ya basi au chini ya rundo la mizigo ni ya kushukiwa daima.

Karakana kubwa zina kipimo maalumu cha kining'inizo, lakini fundi wa jua kali ana njia yake ambayo ni sahihi vilevile. Tundu la kining'inizo lina kipenyo cha milimita 10, na ekseli za magurudumu mengi ya nyuma zina mikato ileile ya skrubu. Kihamishi kikifunguliwa, gurudumu jingine lenye ekseli ya aina hiyo laweza kufungwa kwenye tundu hilo, likakaa sambamba na gurudumu la baiskeli. Umbali kati ya rimu hizo mbili ukipimwa juu, chini, mbele na nyuma uwe sawa. Usipokuwa sawa, gurudumu hilohilo hutumika kama wenzo wa kunyoosha, polepole. Kining'inizo cha chuma cha pua au chuma cha kawaida hustahimili kunyooshwa. Cha alumini hunyooshwa mara moja tu, na kikionyesha ufa wowote kitupwe.

Kupuuza hatua hii ndicho chanzo cha kazi nyingi zisizokwisha. Fundi huzungusha skrubu asubuhi hadi jioni, gia tatu zikikubali nyingine nne zinakataa, kumbe kinachokishikilia kihamishi kimekaa upogo.

Sasa mnyororo. Husemwa kwamba mnyororo "hurefuka", lakini chuma chake hakinyooki kama mpira. Kinachotokea ni kwamba pini na matundu yake husagika, kila kiungo kikaongeza nafasi ndogo isiyoonekana kwa jicho. Kutoka pini moja hadi inayofuata, mnyororo wa baiskeli una nusu inchi kamili, yaani milimita 12.7. Hivyo basi kipimo ni rahisi: futi ya chuma ya seremala huwekwa mwanzo wa inchi kwenye kitovu cha pini moja, kisha nafasi 24 huhesabiwa. Kwenye mnyororo mpya, pini ya mwisho huangukia inchi 12 bila kupungua wala kuzidi. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, ambayo ni kama milimita 1.6, mnyororo wa mfumo wa spoketi 11 au 12 ubadilishwe mara moja, na ule wa spoketi chache ubadilishwe karibuni. Ukizidi kwa moja ya nane ya inchi, muda umepita; huenda spoketi nazo zimekwisha.

Hapa ndipo ubahili humgharimu mwenye baiskeli. Mnyororo uliochakaa hukaa juu zaidi kwenye meno ya spoketi na kuyala upande mmoja, hadi yanachongoka kama mapezi ya papa. Spoketi za nyuma zote kwa pamoja huuzwa kwa bei inayozidi ya mnyororo. Isitoshe, mnyororo mpya ukifungwa juu ya meno yaliyolika huruka kila mwendeshaji anapokanyaga kwa nguvu, naye humrudia muuzaji akilalamika kwamba ameuziwa mnyororo bandia.

Kosa jingine ni la ukubwa. Mnyororo wa Black Mamba una upana wa ndani wa moja ya nane ya inchi. Ule wa baiskeli ya gia ni mwembamba zaidi, na kadiri spoketi zinavyoongezeka ndivyo unavyozidi kuwa mwembamba: wa spoketi 6 hadi 8 una upana wa nje wa takriban milimita 7, ilhali wa spoketi 11 una karibu milimita 5.5. Anayefunga mnyororo mpana mahali pa mwembamba atausikia ukisugua spoketi ya jirani katika kila gia. Vilevile, desturi ya kurudisha pini kwa nyundo, ambayo Black Mamba huivumilia, haifai kwenye mnyororo mwembamba. Pini hiyo inaweza kuchomoka mlimani. Kiungo maalumu cha kufunga kwa mkono kinapatikana madukani na hakina gharama kubwa.

Kuhusu mafuta, oili chafu inayomwagwa na gereji za magari si dawa. Ina chembe za chuma na masizi, na ikikutana na vumbi hugeuka kuwa msasa wa majimaji. Mafuta ya kupikia nayo hugeuka gundi. Mafuta ya mnyororo ndiyo bora, na yakikosekana, oili safi nyepesi kwa kiasi. Tone moja hutiwa juu ya kila kiungo upande wa ndani, pedali zikazungushwa kinyumenyume, kisha baada ya dakika chache sehemu ya nje ipanguswe hadi ikauke. Mnyororo unaometameta kwa mafuta nje ni mnyororo unaokaribisha mchanga. Kwa viungo vya kihamishi, mafuta ya cherehani yanatosha. Katika miji ya pwani kama Lamu na Malindi, chumvi ya hewani huleta kutu haraka, na kazi hii irudiwe mara nyingi zaidi kuliko bara.

Waya na ala zake hustahili kutazamwa kwa makini kuliko zinavyotazamwa. Waya huanza kukatika uzi mmoja mmoja, hasa karibu na kichwa chake ndani ya wenzo, mahali ambapo hapaonekani bila kufungua kifuniko. Dalili ni gia zinazobadilika vibaya siku hadi siku ijapokuwa mkazo hurekebishwa kila mara. Kwa kawaida kutu na uchafu hujificha katika kile kipande cha mwisho cha ala kinachopinda kuelekea kihamishi, kwani maji yanayorushwa na tairi huishia hapo. Kuikagua hakuhitaji spana: gurudumu likiwa limeinuliwa, mnyororo hupandishwa kwenye spoketi kubwa, pedali zikasimamishwa, kisha wenzo ukarudishwa hadi gia ya mwisho. Waya hulegea, na ala zenye kutoka kwenye vishikizo vya fremu zikachomolewa na kusogezwa ili waya uliofichika uonekane.

Jambo moja katika sehemu hii ni la uhai. Ala ya breki na ala ya gia hufanana kwa nje, ila ndani ni vitu viwili tofauti. Ya breki imesokotwa kwa chuma kilichozungushwa kama springi, ilhali ya gia ina nyaya nyingi nyembamba zilizolala kwa urefu ili isibonyee. Anayetumia ala ya breki kwenye gia atapata gia zinazosuasua, basi. Lakini anayetumia ala ya gia kwenye breki anaweka roho rehani: nguvu ya kufunga breki yaweza kuipasua ala hiyo, na breki ikakosekana kwenye mteremko. Fundi mwenye kipande kilichobaki mkononi asishawishike.

Baada ya yote hayo ndipo bisibisi itolewe. Kihamishi kina skrubu mbili ndogo zilizoandikwa H na L. H huzuia mnyororo usipite spoketi ndogo na kuangukia kwenye fremu. L huuzuia usipite spoketi kubwa na kuingia kwenye spoki. Skrubu hizi huweka mipaka tu, na si kawaida kujisogeza zenyewe. Iwapo gia zilikuwa sawa juma lililopita na leo zimeharibika, skrubu hizo hazina hatia. Lawama ni ya waya, kining'inizo au uchafu. Ajabu ni kwamba ndizo za kwanza kuguswa na wengi.

Zikilazimika kurekebishwa, waya hufunguliwa kwanza ili usivute. Mnyororo ukiwa kwenye spoketi ndogo, H huzungushwa hadi kigurudumu cha juu kikae chini ya spoketi hiyo kabisa. Kisha pedali zikizungushwa taratibu, kihamishi husukumwa kwa mkono hadi spoketi kubwa, na L hukazwa mpaka mkono usiweze kukipeleka mbele zaidi. Waya hurudishwa na kufungwa ukiwa umevutwa kwa mkono, mnyororo ukiwa kwenye spoketi ndogo.

Kilichobaki ni mkazo wa waya, unaorekebishwa kwa kile kifundo cha kuzungusha kwa vidole mahali ala inapoingia kwenye kihamishi au kwenye wenzo. Mnyororo ukichelewa kupanda spoketi kubwa, kifundo huzungushwa kinyume cha saa, robo mzunguko kwa wakati mmoja. Ukichelewa kuteremka kwenye ndogo, huzungushwa kwa mwendo wa saa. Endapo mnyororo unaruka mara moja kila baada ya mizunguko kadhaa ya pedali, kifundo hakitasaidia: huenda kiungo kimoja kimekakamaa, nacho hujionyesha kwa kutokunjika sawasawa kinapopita kwenye vigurudumu vya kihamishi pedali zikirudishwa nyuma polepole.

Kihamishi cha mbele, kwenye baiskeli zilizo nacho, kina masharti machache. Upande wake wa nje uwe sambamba na spoketi kubwa ya mbele, na ukae juu ya meno yake kwa milimita 1 hadi 3. Nacho pia kina skrubu mbili za mipaka.

Baiskeli zenye gia ndani ya kitovu cha gurudumu, muundo uliovumishwa na kampuni ya Kiingereza ya Sturmey-Archer tangu mwanzoni mwa karne ya 20, hazina kihamishi cha nje cha kugongwa na huhitaji tu waya uliokazwa ipasavyo na mafuta ya ndani. Kwa upande mwingine kuna mifumo ya umeme, ambayo Shimano ilianza kuiuza kwa waendeshaji wa barabarani mwaka wa 2009, na ambayo leo imetawala mashindano makubwa, yakiwemo yale ya ubingwa wa dunia yaliyoandaliwa Kigali, Rwanda, Septemba 2025. Hiyo haina waya wa kulegea. Ina betri ya kuisha chaji, na kining'inizo chake hupinda kama cha baiskeli nyingine yoyote.

Namna ya kuendesha nayo ina sehemu yake katika kuchakaa. Gia hubadilishwa kabla ya mlima kuanza, na mguu ukilegezwa kidogo wakati mnyororo unahama. Anayepanda kutoka bonde la Kerio kuelekea Iten, safari ya zaidi ya mita 1,000 kwenda juu, akingoja hadi nguvu zimwishie ndipo abadilishe, atauhamisha mnyororo ukiwa umebeba uzito wake wote, na hapo ndipo meno huvunjika na minyororo kukatika. Kutumia spoketi kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma, au ndogo kwa ndogo, huupinda mnyororo upande na kuufupishia maisha.

Hata mabingwa hawajakingika. Julai 19, 2010, kwenye mlima wa Port de Balès nchini Ufaransa, Andy Schleck wa Luxembourg alikuwa amevaa jezi ya manjano ya Tour de France akiwa mbele ya Alberto Contador wa Uhispania kwa sekunde 31. Aliposhambulia, mnyororo wake ulitoka. Alishuka kuurudisha, na hadi mwisho wa siku alikuwa amepoteza sekunde 39 na jezi yake. Mashindano yalipomalizika jijini Paris, pengo kati ya wawili hao lilikuwa sekunde 39. Contador alipokonywa ushindi huo mwaka wa 2012 kwa sababu ya dawa iliyopigwa marufuku, na Schleck akatangazwa mshindi, takriban mwaka mmoja na nusu baada ya mnyororo kumtoka.